Mpiga Kelele Namba Moja wa Kaloleni

Mwalimu hakuvumilia kelele. Naanza na hili kwa sababu bila hili yaliyobaki hayana uchungu. Aliponifundisha fizikia Fomu Tu, kalamu ikianguka dawati la nyuma alinyamaza katikati ya neno, akageuka polepole, akauliza kwa ule upole wake wa kutisha, "Nani anajenga nyumba huko?" Mvulana mmoja aliwahi kutolewa nje kwa kosa la kupumua kwa mdomo. Mimi nilikuwa monita, na kazi yangu kubwa katika maisha ya shule ilikuwa kumwandikia orodha ya wapiga kelele, namba moja hadi ya mwisho, kwa mwandiko unaosomeka. Hakuhitaji hata kuipokea. Alisimama mbele ya dawati langu akaisoma juu chini, kwani miaka ya kuzunguka kati ya madawati ilikuwa imemfundisha kusoma karatasi kutoka upande wowote. Tulijua hakuna namna ya kumficha jibu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi wa zamu za usiku, nilipata nyumba Kaloleni, hapa Kisumu, katika zile nyumba za zamani za baraza zilizojengwa mbilimbili zikigawana ukuta mmoja. Upande huu wa ukuta kilikaa kitanda changu. Upande ule ilikuwa sebule ya Mwalimu, ambaye sasa alikuwa amestaafu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilijisemea: hapa nitalala mchana kutwa, maana jirani yangu hataki hata nzi apige chafya.

Ndipo akaleta mashine mbili za kuchimba sarafu za mtandaoni.

Kuchimba ni neno la kuzipa heshima tu. Zile mashine hazichimbi kitu. Zinakisia namba. Zinakisia, zinakosea, zinakisia tena, mara zisizohesabika kwa kufumba na kufumbua jicho, na zikibahatika, mahali fulani duniani mwenyewe anaandikiwa chembe ya sarafu ambayo hakuna mtu Kaloleni amewahi kuishika mkononi. Na huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akinirudishia daftari limeandikwa kwa wino mwekundu: "Usikisie. Kokotoa." Nilipomkumbusha alicheka, akasema, "Nyathina, mwanangu, nimefundisha miaka thelathini watoto ambao ukiwauliza swali wanaangalia dirisha. Hawa wanajibu. Wanakosea, sawa, lakini wanajibu!" Aliziita wanafunzi wake wa mwisho.

Kila moja ilikuwa kisanduku cha chuma kisichozidi kreti ya soda, kina feni mbili mbele na mbili nyuma. Sauti yake haikuwa ya kunguruma, kwani mngurumo mtu huuzoea. Ilikuwa kilio chembamba kisichovuta pumzi, kama kinu cha unga kinachozunguka bila mahindi. Kilipita ukutani, kikapita kwenye mto wa kulalia, kikaingia kwenye meno. Stima ilipopotea, mtaa mzima ulilalamika. Sisi wa mstari ule tulitoka nje kupongezana.

Mwenyewe alivaa kila siku kana kwamba kengele ya somo la kwanza inakaribia kulia. Suruali ina mistari ya pasi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, na kwenye mfuko wa shati kipande cha chaki. Hiyo chaki ilikuwa ya kuandikia joto la mashine ukutani pale barazani, asubuhi, adhuhuri na jioni, safu kwa safu. Wapita njia walidhani ni hesabu ya maziwa. Mimi nilipochoka kulalamika kwa mdomo, nilingoja ameenda kanisani, nikachukua chaki yangu na kuandika chini ya namba zake: WAPIGA KELELE. Namba moja: Mwalimu. Niliporudi kutoka kazini kesho yake nilikuta amenisahihisha. Alikuwa ameongeza tarehe, amepigia mstari kichwa cha habari, na pembeni ameandika: "Saba kwa kumi. Majina ya wengine yako wapi?"

Siku ya kwanza nilipomwendea rasmi, nikiwa bado na sare ya kazi na macho mekundu, mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

"Mwalimu, hii kelele itaniua."

"Kelele ni nini, Fomu Tu?" Hakuwahi kuniita jina langu. Hadi leo mimi ni Fomu Tu.

"Kelele ni wewe."

"Hapana. Kelele ni sauti isiyotakiwa. Hii mimi naitaka. Kwa hivyo si kelele."

"Mimi siitaki!"

"Basi tatizo liko upande wako wa ukuta."

Nilirudi ndani nikachukua mwiko wa ugali, nikagonga ukuta mara tatu kwa nguvu zangu zote. Palikuwa kimya kidogo, maana yake kilio kiliendelea lakini yeye alikuwa akifikiri. Kisha sauti yake ikaja kupitia ukutani, imejaa fahari: "Sabini na moja!" Alidhani nimeuliza joto. Au hakudhani, sijui. Tangu siku hiyo kila nikigonga mara tatu alijibu namba. Sabini na nne. Sabini na mbili. Siku moja ya kiangazi alipiga kelele "Themanini na tatu!" kwa sauti ya mtu aliyefiwa, nami nikajikuta nimeketi kitandani nikiwa na wasiwasi juu ya mashine zisizo zangu.

Wote tulimpa ushauri mmoja. Mwenye duka alimwambia, mchungaji alimwambia, hata mzee wa mtaa aliyeitwa kuamua kesi alimwambia: zima. Mwalimu alilidharau neno hilo kupita matusi. "Zima," alisema, "ni jibu la mwanafunzi mvivu. Swali linasema: poza mashine, punguza sauti. Halikusema ua mashine." Kisha alirudia msemo wake mkuu, ule aliotufundishia somo la joto, akinyoosha kidole: "Joto haliuawi. Linahamishwa tu." Nilikuja kuelewa kwamba aliposema linahamishwa, alimaanisha kwangu.

Kwa mfano lile bomba. Aliunganisha mabomba ya plastiki kutoka nyuma ya mashine, akatoboa dirisha, akatoa joto lote nje, nalo likaja kupulizia moja kwa moja kamba yangu ya nguo. Nililalamika wiki nzima. Kisha mvua za masika zikaanza, na nikagundua kwamba sare zangu ndizo sare pekee Kaloleni zinazokauka kwa saa moja. Nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu. Haikuchukua muda akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wakasikia, wakaja na vyandarua vyao na kuomba kuanika pale, kwa kuwa omena isiyokauka mvua ikinyesha huoza mikononi. Mwalimu aliwakubalia bure. Ila kila asubuhi kabla ya kuanika aliwasimamisha kwa mstari na kuwafundisha jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Mmoja wao aliniambia, "Sista, mwambie tutalipa. Hata mara mbili. Lakini hiyo kusomeshwa na miguu inauma, aa-aa."

Au zile trei za mayai. Alisikia kwamba karatasi ya trei hula sauti, basi akakusanya trei kutoka kwa wauza mayai wa soko la Kibuye, akazibandika ukuta mzima wa sebule, akazijengea mashine kibanda cha magodoro mawili ya zamani. Sauti ilipungua kweli. Nililala siku mbili. Siku ya tatu kibanda kilianza kutoa moshi, kwa sababu godoro linalozuia sauti kutoka linazuia na joto kutoka, jambo ambalo yeye mwenyewe alinifundisha mwezi wa pili wa Fomu Tu. Nilimwambia hivyo huku nikimwagia godoro maji. "Ulikuwa unasikiliza?" aliniuliza, uso umemng'aa chini ya masizi. Alifurahi hasa. Nyumba inataka kuungua, na yeye anafurahi kwamba mwanafunzi wake alisikiliza somo.

Halafu kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, sam, wanaokuja mawingu mawingu. Feni zilikuwa zikiwavuta kwa maelfu hadi mashine ikatapika uji mweusi. Aliukwangua kwa kijiko akawapa kuku wa jirani, akaandika kwenye ukuta kuku wametaga mayai mangapi.

Nimecheka sana katika kusimulia, lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu asiyecheka. Mkewe.

Mama, kama tulivyomwita sote mtaani, alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, mwanamke mfupi, mpole, aliyeimba polepole akichagua mchele hata usijue kama anaimba au anapumua. Mashine zilipokuja aliacha kuimba nyumbani. Kisha akaacha kuongea, kwa maana ilimbidi kupaza sauti sebuleni kwake mwenyewe kusema chai iko tayari. Alikuwa na presha ya zamani. Kila mwisho wa mwezi nilimpima kwa kimashine changu kidogo cha betri, na kila mwezi namba ilipanda. Mia na hamsini na kitu. Mia na sitini. Mwezi uliofuata, mia na sabini na mbili. Kliniki walimwambia ameze dawa, apunguze chumvi, alale. Dawa alimeza. Chumvi alipunguza. Kulala ndiko kulikomshinda, na kwa presha ya namna ile mimi nimewapokea wengi wodini, wengine wakitoka hapo hawawezi tena kushika kijiko.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwambia, "Mama, enda kwa dada yako kule Mamboleo, upumzike mpaka huyu mzee apate akili." Ulikuwa ushauri mzuri wa kiafya, na ningeutoa kwa yeyote. Lakini moyoni nilipiga hesabu nyingine: mke akiondoka, Mwalimu hatamaliza wiki kabla ya kuzima, nami nitalala. Nilimtumia mgonjwa wangu kama mwiko wa kugongea ukuta.

Aliondoka Jumamosi na begi moja na joho la kwaya mkononi. Sebuleni kwao, juu ya kiti chake, ilining'inia saa ya ukutani ya mbao aliyopewa na marehemu baba yake siku ya harusi. Akasimama mlangoni akaionyesha kwa kidevu.

"Japuonj," alimwambia mumewe, kwani hata yeye alimwita Mwalimu, kwa Kijaluo tu, "siku mimi nitakaa kwa hii kiti na nisikie hiyo saa ya baba ikifanya tik, tik, tik, hiyo siku nitarudi. Kabla ya hapo, usiniite."

Mwalimu hakuzima. Alichukua chaki akaandika ukutani: SAA ISIKIKE. Akapiga mistari miwili chini yake.

Nakiri kwamba bidii yake ilinishangaza. Mtu mwingine angeenda Mamboleo na kuku wawili akaomba msamaha. Yeye alikwenda Obunga. Alikuwa amesoma kwamba wachimbaji wakubwa wa ng'ambo huzitumbukiza mashine zao kwenye mafuta maalumu, nzimanzima, na hapo feni hazihitajiki tena, kwa hiyo hakuna sauti kabisa. Mafuta hayo Kisumu hayapatikani, na ya kuagiza hakuyaweza. Lakini mafuta si mafuta? Obunga kuna akina mama wanaonunua mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kutoka viwandani, ile tunayoita mgongo wazi, na kuikaanga kwa mafuta ya mbuta mwenyewe, wanayoyayeyusha kutoka kwenye matumbo yake. Mwalimu alirudi na mitungi minne ya mafuta hayo na sanduku la barafu la kubebea samaki. Akang'oa feni. Akazitumbukiza mashine zote mbili ndani, kwa heshima, kama mtu anayebatiza.

Na ikawa kimya.

Siwezi kueleza ukimya ule. Nililala saa kumi na moja mfululizo nikaamka sijui ni siku gani. Mwalimu alituma ujumbe Mamboleo, na Jumapili baada ya ibada Mama akaja, bado amevaa joho. Majirani tulijipanga barazani na madirishani. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyekosa. Mama akaingia, akaketi kwenye kiti chake chini ya saa, akafumba macho. Mwalimu alisimama kando ameshika mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Dakika ikapita. Dakika ya pili ikapita. Mtoto alikohoa nje, Mwalimu akamtazama mpaka akahama.

"Sisikii," Mama alisema.

"Sikiliza vizuri."

"Japuonj, sisikii."

"Hakuna kelele hapa. Hata moja. Sikiliza."

Mama akafumbua macho, akainuka, akaiangalia saa kwa karibu. Mishale ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi. Akaishusha, akaigeuza. Mahali pa betri palikuwa patupu. Sote tuliona Mwalimu akigeuza macho, bila kutaka, kuelekea kwenye kipimajoto cha betri kilichoning'inia ndani ya sanduku la mafuta, kinafanya kazi vizuri sana.

"Ulitoa betri ya saa ya baba," Mama alisema.

"Ilikuwa ya muda tu. Duka lilikuwa limefungwa na lazima nisome joto ya saa nne usiku."

Hakuna aliyecheka wakati huo; tulicheka baadaye, majumbani mwetu. Mama aliitundika saa mahali pake, akainyoosha isikae upande. Kisha akavuta hewa kwa pua. "Na nani anakaanga samaki?" aliuliza. Ndipo tukaangalia dirishani. Paka wote wa Kaloleni walikuwa wameketi ukingoni, kimya, wanasubiri chakula. Mafuta ya mbuta yakipata moto siku nne mfululizo hutoa harufu ambayo hata Obunga wangeomba mlango ufunguliwe. Mama akarudi Mamboleo jioni ile ile. Wiki haikuisha mafuta yakawa mazito kama gundi, mashine moja ikaungua humo humo ndani, na ile iliyopona ikarudishiwa feni zake. Iliyoungua aliigeuza kigoda cha kuwekea miguu. Paka walikaa hadi mwisho wa mwezi.

Huko Mamboleo, Mama alikuwa anapona. Nilikwenda kumpima mara mbili kwenye nyumba ya dada yake, mjane anayeuza mahindi pale njia panda. Malori yanapita, manamba wa matatu wanapiga kelele, spika ya muuza nguo inaimba tangu asubuhi, na katikati ya vurugu hiyo mgonjwa wangu ana mia na thelathini na mbili. Nilipima mara ya pili kwa kutoamini. Alikuwa ameanza tena kuimba akichagua mchele. Niliona ajabu, lakini muuguzi akipata namba nzuri hazihoji sana.

Kisha ikaja Alhamisi moja nikaamka mwenyewe saa kumi alasiri. Nilidhani stima imepotea, lakini friji yangu ilikuwa inanguruma. Nikachukua mwiko nikagonga mara tatu. Hakuna namba. Nikagonga tena. Nilitoka nimevaa kanga moja na kandambili zisizofanana, nikiwa na hakika kwamba nitamkuta amekufa sakafuni, na nilikimbia, mimi niliyekuwa nimemwombea mabaya mara ngapi. Mlango ulikuwa na kufuli. Kupitia dirishani niliona mashine imezimwa na kufunikwa kwa kitambaa cha meza, kile kizuri cha Krismasi. Ukutani, kati ya trei za mayai, kulikuwa na duara safi mahali ambapo saa ilikuwa ikikaa.

Keshoye ilikuwa zamu ya kumpima Mama. Nilimkuta Mwalimu Mamboleo, kwenye kochi la shemeji yake, shati limefungwa hadi juu. Saa ilikuwa ukutani juu yake, inakwenda.

"Fomu Tu! Unasikia?"

"Nasikia nini, Mwalimu?"

"Saa! Betri mpya." Akaniangalia kama mtoto aliyemaliza chakula chote. "Nilizima. Jibu ya mwanafunzi mvivu. Lakini nimefikiria, wakati mwingine mwanafunzi mvivu anapata."

Moyo ulinilainika, nasema kweli. Sikutegemea. Yule mzee alikuwa ameacha kitu pekee kilichomjibu alipouliza, akabeba saa kwenye pikipiki toka Kaloleni ameikumbatia kifuani, akaja. Nikajiambia, basi, yamekwisha, na mimi nitalala. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alinisalimia kwa kichwa.

Mwalimu aliendelea. Chai hupoa haraka kwenye kikombe cha bati, je, nakumbuka kwa nini? Dada wa Mama anapanga magunia vibaya, hewa haipiti. Dirisha lile lingekuwa upande ule. Bei ya mahindi, ukiipima kwa kilo na si kwa mkebe wa gorogoro, ni tofauti, na alikuwa tayari amewaeleza wateja wawili. Tangu nilipoingia hadi nilipofungua begi hakuweka nukta. Dada akatokea mlangoni kusema mfereji wa paa unavuja, Mwalimu akaruka kumfuata nje kumwonyesha maji yanavyotiririka.

Mama alinishika mkono. "Sista," alisema polepole, "mimi nilikuwa nafikiria zile mashine ni mbili. Kumbe zilikuwa tatu."

Nilicheka. Yeye hakucheka, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nampenda huyo mzee. Miaka arobaini, si mchezo. Lakini hapa nililala, Sista. Nililala kama mtoto. Tangu akuje Jumatano sijalala. Na yeye amezima kitu yake juu yangu, nitamwambia aje? Mwambie wewe. Tafuta tu kitu umwambie."

Mwalimu akarudi akipangusa mikono, akaketi ng'ambo ya meza. Nilimfunga Mama mkanda mkononi, nikabonyeza. Mkanda ukajaa, ukalegea. Namba zikatulia: mia na sabini na nne.

"Ngapi?" Mwalimu aliuliza.

Nilikigeuza kimashine kidogo upande wangu. "Mia na thelathini na mbili," nikasema. "Sawa kabisa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka kusema ni huruma, kwamba sikuweza kumvunja mzee aliyekuja na saa kifuani. Lakini nilijua pia kwamba akibaki Mamboleo, ukuta wangu utabaki kimya. Sijui nilidanganya kwa huruma au kwa usingizi. Ninachojua ni kwamba mgonjwa wangu alikuwa ameniomba msaada, nami nikamchagulia mia na thelathini na mbili.

Mwalimu alikuwa amenyamaza. Alikuwa anatazama mkono wangu ulioshika kimashine, kutoka upande wake wa meza, juu chini. Saa ikapiga tik, tik, tik. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikaa dakika nzima bila neno, na katika dakika hiyo sote watatu tuliisikia vizuri saa ya marehemu.

"Vizuri," alisema mwishowe. Akainuka. "Mnajua, ile mashine imebaki, ukiiacha baridi na hii unyevu ya ziwa, inashika kutu. Lazima niende niiwashe."

"Hata chai hujamaliza," Mama alisema.

Aliimaliza amesimama. Kisha akaisogelea saa, akanyoosha mkono, nikadhani anaishusha. Aliinyoosha tu isikae upande. "Hii inakimbia dakika mbili kwa wiki," alimwambia mkewe. "Kila Jumapili uirudishe nyuma." Mama akamshukuru, "Ero kamano, Japuonj," na akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, muda mrefu kuliko wa kuagana.

Nilimsindikiza hadi njia panda. Hakunieleza chochote kuhusu malori wala mteremko wala moshi. Alipanda nyuma ya pikipiki, akaweka sawa chaki kwenye mfuko wake, ndipo akaniangalia.

"Nitakukata alama, Fomu Tu."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kusoma kipimo," alisema, akamgusa dereva begani waondoke.

Kesho yake, nilipotoka kazini, nililala chali nikasubiri. Saa tatu asubuhi kikaanza kile kilio chembamba, kikapita ukutani, kikaingia kwenye meno. Kilikuwa cha mashine moja tu, lakini kilitosha. Nilikisikiliza kwa muda. Kisha nikanyoosha mkono chini ya kitanda, nikachukua mwiko, nikagonga mara tatu, si kwa nguvu.

Nikasubiri. Nilikuwa nimeanza kuinuka niliposikia amekohoa upande ule.

"Sitini na nane!" akasema.